Valvu ya Shaba Haipo Ukutani

Chepng'etich mwanangu,

Umelala. Nimepita mlangoni kwako na koroboi nikakuona umelikumbatia lile sweta jipya kana kwamba kuna mtu atakunyang'anya, nikacheka peke yangu. Kesho utaondoka na baba yako mkubwa hadi Kericho, halafu Nairobi, halafu ndege, na mimi nitabaki hapa Kiptere na ng'ombe na majani chai. Sitakuandikia habari za kuvaa nguo nzito wala kula vizuri wala kusali. Hayo umeambiwa na shangazi zako wiki nzima, tena kwa sauti kubwa, mpaka kuku wanayajua kwa moyo.

Nataka kukuandikia juu ya ile valvu. Jioni uliuona msumari mtupu pale ukutani, juu ya redio. Najua uliuona kwa sababu ulinyamaza katikati ya maneno, ukaniangalia, kisha ukaendelea kumenya viazi. Nyumba ilikuwa imejaa watu waliokuja kukuaga, hukuuliza. Lakini kesho baba yako mkubwa akija kukuombea safari, atauangalia ukuta ule kabla hata hajaketi, maana hajawahi kuingia nyumba hii bila kuangalia kama valvu iko. Atauliza, na hataliuliza jambo hilo polepole. Nataka wewe ulijue jibu kabla yake, na ulijue kutoka kwangu.

Nianze na siku ile uliyonieleza mashine yenu, kwa sababu hapo ndipo usingizi wangu ulipoharibika.

Ulichukua sinia, ukaweka punje ya mahindi ukingoni, ukawa unalizungusha sinia ili punje ikimbie. Ulisema huko Ulaya kuna pete ya mabomba inayojaza jengo zima, ndani yake hamna kitu, hata hewa imetolewa, na humo kuna chembe ndogo kuliko vumbi zinazokimbizwa na stima na kukunjwa na sumaku kubwa. Nikakuuliza, "Na zikichoka?" Ukacheka mpaka punje ikaruka, jogoo akaila. Ukasema hazichoki, zinatoa mwanga, na kwa mwanga huo mtu anaweza kuona ndani ya jani la chai, ndani ya damu, hata namna dawa inavyoshika ugonjwa. Nilipenda hapo pa jani la chai. Nimechuma majani hayo tangu nilipoolewa na sijui kilicho ndani yake.

Ulisema Wazungu wamejenga nyingine mpya, hiyo kuukuu hawaitaki tena, na nchi zetu hizi za ziwa na zile za juu kaskazini zimeomba zipewe, ziijenge mahali pamoja, iwe ya wote. Wewe na vijana wenzako kutoka nchi hizo mnaenda kuifungua kipande kwa kipande na kujifunza kuifunga tena. Ulisema ndani ya kundi lenu kuna vijana ambao nchi zao juzi tu zilikuwa zinauana, na mtakula meza moja. Nilijivuna, usifikiri sikujivuna. Siku ile nilikuwa natembea barabarani hapa nikitafuta mtu wa kuniuliza habari zako.

Halafu ukaniambia neno la mwisho, ukiwa umesimama na sinia mkononi. Ukasema wakubwa wenu wana mpango. Kila nchi itapewa kipande kimoja ikitunze yenyewe, kipande ambacho bila hicho mashine haiwaki, na watu wa nchi hiyo tu ndio watakaojua kukifunga. "Hakuna anayeweza kuiwasha peke yake, Mama," ulisema. "Hata wakikosana, itabidi wakutane. Si hiyo ni akili?"

Nikasema ni akili. Nikatoka nje kuangalia kama ndama amefungwa. Ndama alikuwa amefungwa. Nilibaki nimeushika mti wa ua, kwa sababu maneno hayo ni yangu, Chepng'etich. Niliyasema mimi, mbele ya watu, na watu wakanipigia makofi.

Pampu ya mtoni uliizoea tangu utotoni, na kitu ulichokizoea huulizi kilianzaje. Kabla yake, sisi wa huku juu na wale majirani wa ng'ambo, Wajaluo waliokuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai na wengine wakanunua mashamba, tulikuwa tunachota mto mmoja na kutukanana mahali pamoja. Wanawake wa pande zote mbili walikuwa na migongo iliyopinda. Kanisa likatuletea pampu ile isiyotumia mafuta wala stima, maji yenyewe ya ile chemchemi ya kando ya mto yakianguka ndani yake yanaisukuma, na valvu zake mbili za shaba zinafunguka na kujifunga, moja chini, moja juu, na kila mara zikijifunga inagonga. Wanaume walichimba mtaro. Marehemu baba yako na Baba Atieno wa ng'ambo, waliokuwa wakifanya kazi pamoja kiwandani, waliunganisha mabomba. Mama Atieno na mimi tulibeba mawe kwa vichwa mpaka nywele zikatoka.

Huyo ndiye aliyenifundisha kucheka nikiwa nimechoka. Alikuwa anaketi juu ya jiwe analotakiwa kulibeba, ananiambia, "Nyinyi Wakipsigis mnaita bomba 'pomba'. Sasa maji itapita kweli?" Nami namjibu, "Na nyinyi mnaita shamba 'samba', lakini sukuma wiki inamea tu." Tulikuwa hivyo. Wewe na Atieno mlikuwa mmelala chini ya leso moja pale kando ya mto, na siku maji yalipopanda mara ya kwanza mkaamka kwa mlio ule. Tak. Tak. Tak. Ulienda usiku na mchana, miaka mingi. Ulikua ukilala kwa mlio huo. Mgeni akilala kwetu anauliza, ni nini kinagonga? Na sisi tunamuuliza, wapi? Hatukuusikia tena.

Ukaja ule mwaka wa moto, kabla ya uchaguzi wa vyama vingi. Ulikuwa sekondari, tulikuambia ubaki shuleni likizo nzima. Wanasiasa walikuja wakasema walichosema, na vijana wetu, watoto niliowanyonyesha wakati mama zao wako sokoni, wakavuka mto na viberiti. Vijana wa ng'ambo nao wakavuka kuja huku. Nyumba ya Mama Atieno iliungua mchana. Niliona moshi nikiwa shambani, nikajua ni ya nani kwa sababu ya ule mti wa parachichi ulio mbele yake. Walikimbia chini kwa jamaa zao karibu na ziwa. Sikuwaona tena mpaka mambo yalipotulia na watu wachache wakaanza kurudi kujenga juu ya majivu yao.

Jambo la ajabu ni kwamba hakuna aliyeigusa pampu. Ilikuwa imesimama tu, imejaa majani na mchanga. Lakini kila upande uliogopa kushuka. Wetu walisema wale watachukua maji yote wayapeleke kwao kulipiza kisasi. Wale walisema sisi tutatia sumu. Basi chifu akaita mkutano pale uwanjani pa kanisa, watu wakaketi mafungu mawili na katikati nafasi ya kupitisha trekta.

Pale ndipo niliposimama. Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, na nilikuwa nimewaza usiku kucha na kujiona nimepata. Nikasema, pampu ina valvu mbili. Moja bila nyingine ni chuma tu. Basi upande wetu uchukue moja, upande wao uchukue nyingine. Kila asubuhi watu wawili washuke, kila mmoja na yake, wazifunge, maji yapande kwenye matangi ya pande zote mbili, jioni wazifungue kila mmoja arudi na yake. Hakuna atakayeiendesha peke yake. Hata kama hatupendani, tutakutana kila siku.

Makofi yalivyopigwa! Chifu aliniita mama wa amani. Baba yako mkubwa, ambaye hajanisifu tangu nilipoingia katika ukoo huu, alisimama akasema sasa huyu mwanamke ana kichwa. Na wale wa ng'ambo wakamchagua Mama Atieno atunze ya kwao. Tulikula kiapo juu ya Biblia kwamba valvu haitatoka mikononi mwetu. Nikaja nayo nyumbani, nikaitundika juu ya redio, nikawa naipangusa kwa majivu na ndimu ing'ae. Wewe mwenyewe uliwaonyesha rafiki zako. Ilikuwa kitu cha heshima katika nyumba hii.

Mwanzoni tulishuka kila asubuhi, yeye na mimi. Lakini nikwambie, haikuwa kama zamani. Zamani tulikuwa tunabeba mawe yale yale. Sasa kila mmoja alikuwa amebeba dhamana ya watu wake. Alikuwa anaangalia mkono wangu nikifunga yangu, nami naangalia wake. Utani ulikwisha bila mtu kuukataza. Siku moja nilimwambia, "Habari ya samba?" Akajibu, "Nzuri," akaendelea na spana.

Halafu asubuhi moja hakuja. Nilikaa pale mtoni na valvu yangu kwenye kiondo mpaka jua likapanda. Nilirudi juu, na njiani watu waliniuliza, "Maji iko wapi?" Nikasema, yule mwingine hajaja. Ndivyo nilivyosema tu. Nilipofika dukani maneno yangu yalikuwa yamekwisha kufika, lakini yamegeuka. Baba yako mkubwa alikuwa anasema, "Si niliwaambia? Wameanza. Hao watu hawana shukrani." Kesho yake Mama Atieno alishuka, na mimi nikaambiwa nisishuke, wangoje nao waone utamu wake. Nilitii. Siku iliyofuata nadhani na yeye aliambiwa vivyo hivyo. Hatukukosana na Mama Atieno, mwanangu, hata neno moja baya hatukuambiana. Pampu ilinyamaza hivyo tu, na watu wakarudi kuchota mtoni kama wazazi wao.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba asubuhi ile alikuwa amembeba Adhiambo, mdogo wake Atieno, kumpeleka hospitalini, mtoto anawaka homa. Kutoka pale mtoni hadi kwake ni mwendo wa maji ya chai kuchemka. Nilikuwa na miguu miwili mizima. Kama ningepanda ule upande nikauliza tu, Mama Atieno yuko wapi, ningeambiwa, na ningerudi na habari ya mtoto mgonjwa badala ya habari ya watu wale. Mara nyingi huwa najiona nimekaa pale juu ya jiwe na kiondo changu, najiambia, inuka basi. Siinuki.

Mvua ya El Nino ilipokuja ulikuwa Nairobi na barabara zilikatika, hukufika. Ulipata habari kwa barua kwamba Adhiambo amefariki, na uliandika kurasa nyingi za kulia, maana ulimbeba mgongoni akiwa mtoto na ulimfundisha kusoma saa. Nilikuandikia ni kuhara na kutapika, ni ugonjwa wa maji. Sikukuandikia zaidi. Mto ulikuwa mwekundu, umebeba kila kilichokuwa kwenye vyoo vya huku juu, na watoto wa pande zote mbili waliugua, lakini yeye alikuwa mdogo na mwembamba. Tangi lao lilikuwa kavu. Chemchemi inayolisha pampu, unajua ilivyozungushiwa saruji na baba yako, ilikuwa safi muda wote. Maji safi yalikuwa yanapita pale ndani ya chuma, yanamwagika mtoni, kwa sababu ya vifuniko viwili vya shaba vilivyokuwa vinang'aa kwenye kuta za nyumba mbili.

Nilienda matangani. Nilienda peke yangu, wengine waliogopa. Nilitia sukari na unga kwenye kiondo, na chini yake nikatia valvu. Usiniulize kwa nini kama vile mimi sijajiuliza. Nyumba ilikuwa tupu, vijana walikuwa wanazurura, baba yako mkubwa aliniambia nisiiache hata dakika moja, na nilikuwa nimekula kiapo. Ndivyo nilivyowaza. Nilikuwa nakwenda kumzika mtoto, nikawa nawaza habari ya kulinda chuma.

Mama Atieno alinipokea mlangoni. Hakuwa analia, alikuwa amemaliza. Alichukua kiondo aingie nacho ndani atoe vitu, kama desturi, na alipokiinua akahisi uzito. Akatia mkono chini ya unga. Nikaona uso wake umebadilika, Chepng'etich. Ulifunguka. Sikuwa nimeuona ukifunguka hivyo tangu siku ile maji yalipopanda mara ya kwanza.

Akasema polepole, "Umeleta."

Alifikiri nimemletea. Alifikiri nimesikia mtoto amekufa nikasema imetosha, nikaing'oa ukutani, nikavuka nayo mto nimpe. Watu walikuwa wamesimama nyuma yangu wakisubiri kuingia.

Nikasema, "Hapana. Hiyo natunza tu."

Akaingia ndani na kiondo. Unajua kwetu na kwao pia kikapu cha mgeni hakirudishwi kitupu, hata siku ya msiba mtu atatafuta japo viazi viwili. Alitoa sukari, akatoa unga, akanirudishia kiondo. Hakikuwa kitupu. Valvu ilikuwa mle ndani, peke yake, na alikuwa ameifunika kwa kitambaa kidogo cha mtoto. Hakuniangalia. Akasema, "Tunza basi."

Kitambaa kile kiko kwenye sanduku langu, chini ya nguo za baba yako. Sijaweza kukirudisha wala kukitupa.

Tangu siku hiyo ndipo nilipoanza kusikia. Ulinishika mara mbili nikiwa nimesimama uani na kanga kichwani, ukaniambia, "Mama, unafanya nini hapa kwa baridi?" Nikakudanganya nasikiliza mbwa. Nilikuwa nasikiliza pampu. Inagonga, Chep. Haigongi kwa nguvu, ni mlio wa mbali, ule ule. Nikitoka nje unanyamaza, nikirudi kitandani unaanza. Mara ya kwanza nilikimbia mpaka mtoni kwa miguu mitupu nikaikuta imesimama, imeota majani. Nimemwambia mchungaji, akaniombea. Nimeomba mwenyewe. Ilikuwa inagonga wakati naomba. Nilipokuwa na maji sikuusikia mlio huo miaka mingi, na sasa hakuna maji nausikia.

Kwa hiyo ulipoizungusha ile punje kwenye sinia na kuniambia kila nchi itatunza kipande chake, ungejua nilichosikia.

Sijui kama mashine yenu itajengwa kweli. Labda serikali zitabishana mpaka vyuma vioze kwenye masanduku bandarini. Mimi ni mchuma chai, sijui mambo ya sumaku, na wakubwa wenu wamesoma. Lakini jambo la kufanya amani kwa kugawana funguo nalijua kuliko wao, kwa sababu nimelifanya na limemzika mtoto. Tulifikiri kwa vile hakuna anayeweza kuendesha peke yake, tutaendesha pamoja. Hatukuona kwamba tumempa kila mmoja nguvu ya kuzima.

Wakikupa kipande cha nchi yetu ukijue wewe peke yako, na wakakuambia ni heshima, utajisikia vizuri. Mimi nilijisikia vizuri. Mfundishe tu yule aliye karibu nawe, hata kama nchi yake na yetu zinatukanana kwenye redio, mfundishe mpaka aweze kukifunga ukiwa umelala. Naye akikufundisha chake, jifunze. Na siku mwenzako asipokuja kazini, usirudi kwa watu wako na kusema wale hawajaja. Nenda mlangoni kwake. Utakuta mtoto ana homa. Ndiyo hayo tu ninayoyajua, na nimeyajua kwa kuchelewa.

Sasa nikwambie ya leo.

Ulipokwenda Kericho asubuhi kununua begi, niliishusha valvu. Sikuipangusa. Niliitia kwenye kiondo, safari hii juu, bila sukari wala unga wa kuifunika, nikashuka mtoni, nikavuka. Nilikutana na vijana wetu wawili wanapeleka majani kituoni, wakaona. Wakasema, "Mama, unapeleka hiyo wapi?" Nikasema, "Kwa Mama Atieno." Hawakunizuia. Nafikiri hawakuamini.

Alikuwa anaanika mahindi mbele ya ile nyumba yake ya mabati. Amezeeka kuliko mimi, na sisi ni rika moja. Hakuinuka. Nikaweka kiondo juu ya mahindi, hapo mbele ya mikono yake, na nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani lakini yote yalipotea.

Nikasema, "Mama Atieno, nimeleta."

Akaangalia ndani. Akaniangalia. "Umeleta kweli, ama unatunza?"

"Nimeleta. Iwe yako. Zote mbili zikae kwako."

"Na watu yako wanajua?"

"Watajua kesho."

"Watakuuliza umechukua nini kwangu."

"Hakuna. Sitaki yako. Ukitaka maji yote ipande kwako tu, ipande. Ukitaka kutupa hiyo kitu mtoni, tupa."

Akawa anachambua mahindi mabovu, anawatupia kuku. Nilifikiri ataniambia niondoke, na ningeondoka. Nilimwambia habari ya mlio. Sikuwa nimepanga kumwambia. Nikasema, "Mimi huwa nasikia ikigonga usiku. Nafikiri nimekuwa mwenda wazimu."

Hapo ndipo mikono yake iliposimama. Akasema, "Wewe pia?"

Ndilo neno alilosema, mwanangu. Tulikaa tu pale, wanawake wawili wazima, tukalia juu ya mahindi mpaka mwanawe Ouma akatoka ndani kuangalia ni nini, akarudi bila kuuliza.

Nilipoinuka alichukua kiondo akaingia ndani. Nilimsikia akiweka chuma juu ya meza. Alirudi nacho kikiwa na njugu karanga, zimekaangwa, zimefungwa kwenye karatasi. "Ya safari ya Chep," alisema. "Atieno alinitumia kutoka kwa bwanake." Hakusema atafanya nini na valvu. Sikumuuliza. Nimezitia njugu hizo kwenye begi lako, kando ya viatu. Usizimalize kwenye ndege. Zifungue kwenye meza ile mtakayokula pamoja na wenzako.

Kesho baba yako mkubwa atauona msumari. Atasema nimewauza. Huenda atakataa kukuombea safari katika nyumba hii, na hilo litaniuma, kwa sababu ni kaka ya baba yako na mkono wake ndio ulionipokea hapa. Sijui wanaume watanifanya nini kwenye kamati. Naogopa, sitakuficha. Lakini wewe usibishane naye na usinitetee. Mpe heshima yake, umpe chai, uingie kwenye gari.

Kuna jambo moja tu ninaloomba unifanyie kabla hujaondoka. Nimekuwa nikiandika hapa na mvua imeacha, na tangu nilipoanza ukurasa huu nasikia. Tak. Tak. Ule ule. Nimeweka kalamu chini, nimetoka nje, na haukunyamaza kama siku zote. Lakini masikio haya yamenidanganya mara nyingi na siyaamini tena, na sitaki kushuka mtoni gizani nikute majani.

Basi ukiamka, kabla ya chai, kabla ya baba yako mkubwa hajafika, toka uani usimame karibu na tangi letu, lile lililokuwa likijazwa na pampu. Usiniulize mimi nimesikia nini. Sikiliza wewe kwanza, lakwennyu, mwanangu, halafu uje uniambie.

Mama yako